Matembezi ya hisani Gulwe hadi Kilosa kufuata mto: kwa nini watu huishia siku ya pili?

#1 korongo_kavu
Wakuu habari. Kuna kikundi kinaandaa matembezi ya hisani mwezi wa 7, watu 40, kuanzia Gulwe (Mpwapwa) kufuata mto hadi Kilosa. Reli ya zamani pale ni kama kilomita 80, mto unapindapinda, kwa hiyo weka 90. Siku 3. Michango inakwenda kwenye matanki ya kuvuna maji ya mvua kwa shule moja ya msingi.

Siku ya kwanza sina wasiwasi nayo. Siku ya kwanza kila mtu shujaa, anaimba na kupiga picha. Kazi ni siku ya pili, saa nne asubuhi, watu wanapoanza kukaa chini ya migunga na kuuliza gari liko wapi. Wengine wanasema viatu, wengine chumvi, wengine mazoezi. Mwenye ujuzi amwage hapa kwa vipimo, siyo "jipange mkuu".

#2 Zuzu Stesheni
Jipange mkuu.

#3 fundi_raba
Ni viatu, tusizungushane. Mguu unaotembea saa saba unavimba. Kiatu kilichojaribiwa dukani asubuhi, mguu ukiwa bado mwembamba, saa nane mchana kinakuwa kimebana. Nunua jioni, ukiwa umevaa soksi zilezile utakazotembea nazo, na ukisimama kidole kirefu kibakize nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono hadi mwisho wa kiatu. Kwa wengi ni nusu saizi hadi saizi nzima zaidi ya kawaida yao.

Njia hiyo inashuka kuelekea Kilosa. Kwenye mteremko mguu unateleza mbele, kucha zinagonga, zinakuwa nyeusi. Dawa yake ni kamba. Pale juu kabisa kuna tundu mbili ambazo watu wengi hawazitumii. Pitisha kamba kwenye tundu la juu la upande uleule ili ifanye kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, kisha vusha kila ncha ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, ndipo ufunge. Kisigino kinakaa, vidole vinapumua. Kucha kateni siku 4 au 5 kabla, siyo usiku wa kuamkia safari.

Raba za mtumba ni nzuri kuliko mpya za bei rahisi, ila kunja soli kwanza. Ikitoa mlio wa kupasuka kwenye gundi, iache hapo hapo mnadani.

#4 Nesi wa Zamu
Fundi umesema vizuri lakini umesahau soksi. Malengelenge hayaletwi na kiatu kubana peke yake. Ngozi ya juu inashikwa na soksi yenye jasho, mfupa ndani unaendelea kwenda, tabaka za ngozi katikati zinavutana mpaka zinaachana, maji yanajaa. Kwa hiyo mtu mwenye kiatu kikubwa mno naye anapata.

Soksi za pamba tupu zikilowa hazikauki. Tafuta za sintetiki au sufu, pea 3 kwa mtu: moja mguuni, moja inaning'inia nyuma ya begi ikikauka, moja ya kulalia isiyoguswa mchana. Badili kila kilomita 10, pigeni miguu upepo dakika 10.

Ukisikia pamechomachoma, simama DAKIKA HIYO. Usisubiri kituo. Futa jasho, bandika plasta ya kitambaa moja kwa moja kwenye ngozi kavu, kata kona ziwe duara ili zisinyanyuke. Lengelenge likishajaa na linauma kwa uzito wa mwili, safisha kwa spiriti au iodini, toboa pembeni chini kwa sindano safi matundu mawili matatu, kamua taratibu, ngozi ya juu IBAKI. Anayeichuna ndiye yule wa kukaa chini ya mgunga siku ya pili.

#5 Mbukwenyi
Mbukwenyi wadau! Nyote mnaongelea mguu, hamuongelei kinachokanyagwa. Kinyasungwe, ndiyo jina la mto wenyewe huku juu, mwezi wa 7 sehemu kubwa ni mchanga. Kutembea kwenye mchanga mkavu uliolegea kunakula nguvu zaidi ya mara mbili ya njia ngumu kwa umbali uleule. Anayetembea kilomita 5 kwa saa barabarani atapata 3 mle, tena kifundo cha mguu na msuli wa nyuma ya goti chini vinafanya kazi ambayo barabara ya lami ya Dodoma mjini haikuwahi kuvipa. Siku ya kwanza misuli inavumilia. Usiku inakakamaa. Siku ya pili ndiyo hiyo.

Fuateni njia za ng'ombe juu ya kingo. Mahali pa lazima kushuka mtoni, kanyageni pale mchanga ulipobaki na unyevu au penye alama ya tairi za mkokoteni.

Na mbigili jamani. Raba za soli laini nene zile za kisasa, mwiba wa mgunga unazama wote na huuoni, unaanza kuusikia baada ya kilomita mbili. Kila kituo geuza soli. Plaizi ndogo moja kwa kila watu kumi. Wafugaji wa huku wanavaa katambuga za tairi, wanajua wanachofanya.

#6 fundi_raba
Katambuga kwa aliyezizoea sawa. Mtu wa ofisini akivaa katambuga kwa mara ya kwanza kwenye kilomita 30, ile mikanda itamchonga kama randa. Zizoeleke miezi miwili au ziachwe.

#7 Bwana Mizani
Chumvi. Mnajadili mambo mengine yote, mwili unakauka.

Pima mtu uzito kabla ya kutoka na akifika, nguo zilezile, viatu vimevuliwa. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Mtu wa kilo 70 akipungua zaidi ya kilo 1.4 (asilimia 2) ameanza kuchelewa. Makadirio ya kuanzia: nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, mafundo madogo madogo. Kila lita ya tatu iwe na ORS (ile chumvi ya kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa lita moja, siyo pakiti moja kwa chupa ya nusu lita. Hamna ORS: lita moja ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Ikionjwa ina chumvi kuliko machozi, mwaga.

Anayekunywa maji matupu tu siku nzima analala na upungufu, anaamka na mkazo wa misuli. Ndiyo siri ya siku ya pili.

#8 Kocha wa Jioni
Hapana mkuu Mizani. Mkazo wa msuli mara nyingi unampata mtu kwenye msuli uliofanya kazi sana, nyuma ya goti au paja, siyo mwili mzima. Ingekuwa chumvi tu, kwa nini mkono haukazi? Msuli uliochoka unapotea kwenye mawasiliano yake na neva, unajikunja na kukataa kuachia. Ndiyo maana kuunyoosha taratibu kunautuliza ndani ya dakika moja, kabla ORS haijafika hata tumboni.

Tatizo ni mazoezi ya siku moja moja. Watu wanatembea Jumapili kilomita 20, Jumatatu wanapumzika, halafu wanashangaa siku ya pili mfululizo. Mwili haujawahi kuambiwa kuna siku ya pili!

Wiki 10. Katikati ya wiki mara tatu, kilomita 5 hadi 8. Jumamosi: 10, 12, 15, kisha shusha 10, 18, 20, shusha 14, 24, halafu wiki ya 9 na ya 10 nyepesi, 12 na 8. Kuanzia wiki ya 5, kila Jumapili inayofuata Jumamosi ndefu tembea NUSU ya umbali wa jana, hata kama miguu inalalamika. Hiyo Jumapili ndiyo dawa. Na begi liwe na uzito uleule wa safari kuanzia wiki ya 4, siyo begi tupu la kupigia picha.

Mahali pa mazoezi Dodoma hapakosekani, tafuteni korongo lolote kavu nje ya mji mpige saa moja kwa wiki mchangani.

#9 Bwana Mizani
Kocha, mkono haukazi kwa sababu mkono hautembei 😂. Msuli unaofanya kazi ndio unaoumia kwanza. Hoja yako na yangu zinaweza kukaa nyumba moja.

#10 Kocha wa Jioni
Zikae, ila kodi alipe mwenye mazoezi.

#11 Mtani wa Kilosa
Wagogo wakishiba mlenda hawahitaji ORS, ule unateleza mpaka kwenye magoti 😂😂

#12 Mbukwenyi
Wewe mtani subiri tufike kwenu na njaa. Ila kwa faida ya uzi: uji wa uwele saa kumi na moja alfajiri, wenye sukari na karanga za kusaga, unakupeleka hadi saa tatu. Njiani kila saa kitu cha wanga kidogo, ndizi mbili, au kashata, au kiazi kitamu kilichochemshwa jana yake, au zabibu kavu mkono mmoja. Nyama choma ni ya jioni ya Kilosa.

#13 mzee_wa_ramani
Marekebisho mawili.

Kwanza jina. Mtoa mada kaandika "mto" kakwepa, kafanya akili. Juu huku upande wa Mpwapwa ni Kinyasungwe. Ukikaribia Kilosa unaitwa Mkondoa. Mbele ya hapo unakuwa Wami na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Kwenye barua za vibali andikeni yote mawili, maana mwenyekiti wa kijiji cha chini akisoma Kinyasungwe atawaambia huo mto hauko kwake.

Pili, msikubali kushawishiwa na tuta la reli. Inaonekana njia rahisi, imenyooka, lakini ni marufuku kutembea mle na treni zipo. Madaraja hayana pembeni pa kukaa treni ikikukuta. Hata mataruma hayalingani na hatua ya mtu, unadonoadonoa kama kuku siku nzima. Ile mpya ya SGR ina uzio na umeme, vukeni kwenye vivuko vyake tu, na karibu na Kilosa ina mahandaki, hata msisogee. Mpangilio wa stesheni za zamani tumieni kama alama: Gulwe, Godegode, Kidete, Munisagara, Kilosa. Kidete ndiyo katikati hivi.

Na mnajua kwa nini reli ile husombwa? Milima ya pande zote inamwaga maji kwenye bonde jembamba. Mwishoni mwa 2009 kuingia 2010 mafuriko yalibeba tuta kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama miezi. Mwezi wa 7 ni kiangazi, lakini bado kanuni ni ileile: HAMLALI kwenye mchanga wa mto. Piga kambi juu ya mstari wa takataka zilizonasa kwenye vichaka, huo ndio mto ulipofika mara ya mwisho.

#14 Mtani wa Kilosa
Naongezea hapo: Mkondoa unaanza kuitwa Mkondoa kabla ya Kidete wengine wanasema, wengine baada. Msianze vita.

#15 mzee_wa_ramani
Baada.

#16 Mtani wa Kilosa
Kabla.

#17 Afisa Mstaafu
Vibali. Msafara wa hadharani unahitaji taarifa ya maandishi polisi si chini ya saa 48 kabla, pelekeni wiki mbili kabla maana mnavuka wilaya mbili na mikoa miwili: OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) wa Mpwapwa na OCD wa Kilosa, kila mmoja nakala yake na njia yote, mahali pa kulala, idadi ya watu na namba za viongozi watatu. Nakala kwa wakuu wa wilaya wote wawili. Kisha watendaji wa vijiji, mmoja mmoja, ana kwa ana. Kuna maeneo wakulima na wafugaji hawaelewani, watu 40 wageni wakipita kwenye shamba la mtu bila taarifa mnaleta kesi siyo hisani. Mgambo mmoja wa kila kijiji atembee nanyi hadi mpaka wa kijiji kinachofuata, mpeni posho yake mkononi, msimpe ahadi.

#18 Msomi wa Jirani
Kuna jambo la zamani linafaa hapa. Bonde hilo la Mkondoa ndilo lililokuwa njia ya misafara ya karne ya 19 kwenda Unyanyembe (Tabora) na Ujiji. Stanley alipita humo 1871 akimtafuta Livingstone. Baada ya Mpwapwa kulikuwa na nyika isiyo na maji, Marenga Mkali. Wapagazi hawakuivuka kwa mwendo wa asubuhi tu. Walikuwa wakiita terekeza: mnapika na kunywa, mnajaza vibuyu, mnaondoka adhuhuri au alasiri, mnalala njiani bila maji, alfajiri mnaamka mnamalizia kwenye kisima. Mzigo mmoja wa safari unakatwa mara mbili, na usingizi katikati.

Tumieni mtindo huo kwa siku ya pili. Badala ya kilomita 30 mfululizo, 18 kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4, lala kivulini hadi saa 9 alasiri, malizia 12. Tatizo la "saa nne asubuhi" ni jua, si miguu.

#19 Zuzu Stesheni
Terekeza au telekeza? Maana nawajua viongozi wa misafara, wa nyuma watatelekezwa 😂

#20 Nesi wa Zamu
Terekeza nakubali asubuhi, jioni tahadhari. Mwezi wa 7 jua linazama kama saa 12 na nusu. Nyoka aitwaye kifutu hupenda kulala kwenye njia ya mchanga wenye joto la mchana, hakimbii ukija, anategemea rangi yake. Tochi kwa kila mtu, mwisho wa kutembea saa 12 kamili. Akigongwa mtu: akae atulie, vua pete na kiatu, mguu ufungwe ubao usitikisike, kama vile umevunjika, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, hospitali.

Mizani kasema chumvi, naongeza upande wa pili: kunywa maji KUPITA KIASI nako kunaua. Vidole vinavimba, pete inabana, kichwa kinauma, mtu anatapika na anaanza kuongea ovyo, na uzito UMEONGEZEKA. Huyo usimpe maji zaidi. Na aliyekauka uzito umepungua. Ndiyo maana ile mizani ya Mizani ina kazi kweli, ibebeni.

Na hivi vidonge vya kupunguza maumivu vya duka la dawa, diklofenaki na ndugu zake: mtu amekauka na misuli imeumia halafu anameza viwili aendelee, anazibebesha figo. Parasetamoli inatosha. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, safari yake imeisha, apelekwe.

#21 korongo_kavu
Asanteni, naandika. Maji ya njiani vipi? Bajeti ya maji ya chupa kwa watu 40 imenitisha.

#22 Mbukwenyi
Watu 40 mara lita 5 za kunywa ni lita 200, yaani madumu 10 ya lita 20 kwa siku. Kupika na kunawa weka madumu 6 zaidi. Gari halifiki kingoni sehemu nyingi, kwa hiyo pikipiki. Barabarani inabeba madumu 4, kwenye mchanga msiipe zaidi ya 2, inazama mkia. Pikipiki mbili, vituo kila kilomita 8, dereva mwenyeji.

Maji yakitoka kisima cha kuchimba mchangani: chota taratibu, yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, yaache yatulie, ndipo vidonge vya klorini. Vile vya ndoo ni kidonge kimoja kwa lita 20, subiri dakika 30. Msikate kidonge kwa wembe mkitie kwenye chupa ndogo, tibuni dumu zima. Klorini haiondoi chumvi ya maji ya huku, hiyo vumilieni, funikeni kwa ubuyu.

#23 Nesi wa Zamu
Na kichocho. Maji yaliyotuama na yenye majani, msivue viatu kuogea. Maji ya kuoga yakikaa kwenye dumu saa 48 vimelea vyake vimekufa, lakini nani atasubiri. Mkondoa mkilazimika kuvuka, vukeni panapokwenda kasi kidogo na pafupi, jikausheni kwa taulo kwa nguvu, miezi miwili baadaye pimeni.

#24 Mweka Hazina Asiyelala
Nyote mmeongea miguu, hisani mmeiacha. Laini ya kupokea michango iwe tofauti na ya gharama za safari. Anayechangia tanki asije akagundua amenunua ndizi. Gharama walipe watembeaji wenyewe kwa kiingilio. Akaunti iwe na sahihi za watu watatu, jumla itangazwe kila jioni kwenye kundi, na wanaoahidi kwa kilomita waandikiwe kiwango cha juu, la sivyo wenzenu watabishana kama ni 80 au 90. Pimeni na simu ya mtu mmoja tu, ndiyo iwe rasmi.

#25 Mama Turubai
Sababu ya siku ya pili hamjaitaja: USINGIZI. Mwezi wa 7 nyanda za huku usiku unashuka hadi nyuzi 13 au 14, upepo juu. Watu wanakuja na kanga moja kwa sababu wameambiwa Dodoma joto. Wanakesha wakitetemeka, msuli haujapona, saa nne asubuhi umekwisha. Turubai chini, mkeka juu yake, blanketi la maana, soksi zile kavu za Nesi. Kadiri mnavyoshuka Kilosa baridi inapungua na mbu wanaongezeka, chandarua kwa usiku wa pili.

#26 Kocha wa Jioni
Naunga mkono nusu. Aliyefanya Jumapili zangu atalala hata kwenye kokoto.

#27 mzee_wa_ramani
Mie naona ni mwendo wa siku ya KWANZA. Vijana wa mbele wanapiga kilomita 6 kwa saa, wa nyuma wanakimbilia ili wasiachwe, na kila wakifika kituoni wa mbele wameshapumzika wanaondoka. Wa nyuma hapumziki kabisa! Wekeni mwongozaji wa mbele ambaye hapitwi, 4.5 kwa saa, na wa mwisho mwenye filimbi, redio na plasta. Kituoni dakika zinahesabiwa kuanzia wa mwisho anapokaa.

#28 fundi_raba
Sawa, lakini soksi pea moja nene au mbili nyembamba?

#29 Nesi wa Zamu
Mbili nyembamba, zisuguane zenyewe badala ya ngozi.

#30 fundi_raba
Kwa kiatu kilichopimwa kwa pea moja? Ndiyo mnabana mguu tena. Moja.

#31 korongo_kavu
Mkikubaliana mniambie, naagiza soksi kesho. Plaizi nimeshaandika nne.